Mlima Haupandwi kwa Resi

Ukiangalia ramani, barabara ya kutoka Embu kwenda Meru inaonekana kama kamba iliyotupwa kandokando ya Mlima Kenya. Ukiipita kwa gari ndipo utajua kwa nini kamba yenyewe haijanyooka. Mlima una kimo cha mita 5,199, na maji ya upande wake wa mashariki yote yanateremka kuelekea Mto Tana. Kila mto umejichimbia bonde lake: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita. Barabara inashuka hadi darajani, inapanda, inapumua kidogo kwenye soko, halafu inashuka tena. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, na sisi watu wa huku tunaishi juu ya migongo hiyo. Shamba la mtu linaanza kwenye mgongo na kuishia mtoni. Ukimtembelea jirani wa ng'ambo, unamwona akianika nguo, unaweza hata kumwita, lakini kumfikia ni nusu saa ya kushuka na nusu saa ya kupanda.

Lami ina majonzi yake ambayo Kenya nzima inayajua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na zaidi ya watu thelathini wakafa. Kila mtu wa huku ana jina la mtu aliyepotelea pale, mwaka huo au miaka mingine. Lakini mimi sikuwa mtu wa lami. Kazi yangu ilikuwa kwenye njia za murramu zinazoachana na lami: zile zinazopanda kwenda kwenye majani chai karibu na msitu, na zile zinazoteremka kwenda Mitunguu kwenye ndizi. Njia hizo hazitangazwi kwenye taarifa ya habari. Mtu akifa huko anatangazwa na mwenye kipaza sauti sokoni, basi.

Niliingia kwenye boda boda mwaka 2011, baada ya kidato cha nne, kwenye steji moja kati ya Nkubu na Igoji. Wakati huo nduthi zilikuwa zimejaa kama nzige. Mwaka 2008 serikali ilikuwa imeondoa VAT kwenye pikipiki zenye injini chini ya cc 250, na ghafla mwalimu, mhudumu wa duka, mjane mwenye akiba kidogo, kila mtu aliweza kununua moja na kumpa kijana aiendeshe. Mimi nilikuwa kijana wa namna hiyo. Mwenye pikipiki alitaka shilingi mia tatu kila jioni, Jumapili ikiwa yangu. Mafuta ni yangu, pancha ni yangu. Kilichobaki kilikuwa karo yangu ya chuo, niliyoiweka kidogokidogo kwa miaka mitano.

Tulibeba kila kitu. Maziwa alfajiri, majani chai yaliyochelewa kufika kituoni, saruji, mbolea, sofa, watoto wa shule. Ndizi ndizo zilizolipa vizuri, na ndizi ziko bondeni. Wanunuzi wenye malori wanasubiri juu kwenye lami. Kwa hivyo kazi yenyewe, ukiiondolea mapambo, ilikuwa hii: kuteremka mtupu, kupanda na mzigo.

Sasa, mtu asiyeendesha anafikiri kupanda mlima ni habari ya nguvu. Injini kubwa, resi nyingi, basi umefika. Sivyo. Kwenye tambarare uzito umegawanyika kati ya tairi la mbele na la nyuma. Mlima unapoinuka, uzito unarudi nyuma. Ukiongeza resi, unarudi zaidi. Ukifunga vikungu vinne vya ndizi kwenye keria, umeshafika nyuma kabla hata hujawasha. Shokabsoba za nyuma, au shoki kama tulivyoziita, zinakaa chini kama mtu aliyechoka, na pikipiki inainua pua. Tairi la mbele linagusa ardhi lakini halijaishika. Unageuza usukani kushoto, pikipiki inaendelea mbele kama haijakusikia. Vijana wapya wanaupenda ule wepesi wa usukani, wanadhani nduthi imekuwa tamu. Wepesi huo ndio unaoua.

Aliyenifundisha hayo ni fundi mmoja aliyetoka upande wa Embu. Alikuwa ametengeneza malori Runyenjes kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu kufungua kibanda cha mabati karibu na steji. Tulimwita Mzee tu, ingawa hakuwa mzee sana. Alikuwa na maneno machache, mengi akiyarudia. Moja lilikuwa: "Mlima haupandwi kwa resi, unapandwa kwa pua." Alimaanisha pua ya pikipiki, kwamba ikae chini.

Chini ya springi ya kila shoki kuna pete yenye ngazi, kama meno ya msumeno mnene. Ukiizungusha, springi inabanwa kidogo hata kabla ya kubeba chochote. Pikipiki nyingi hutoka dukani pete ikiwa kwenye ngazi laini, kwa sababu mnunuzi anaikalia dukani na anataka kusikia starehe. Vijana wengi wanaiendesha hivyo hadi inakufa. Mzee alikuwa na spana ya ndoano aliyoikunja mwenyewe kutoka kwa nondo, na kipande cha mwanzi alichokitia alama kwa kisu.

"Leta nduthi yako," aliniambia mwezi wangu wa pili. "Isimamishe kwa stendi kubwa."

Gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Akapima kwa mwanzi kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye boliti chini ya kiti, akatia alama. Kisha akaniambia nitoe stendi, nikae kama ninavyokaa nikiendesha, miguu juu, huku kijana mwingine akishika usukani. Akapima tena.

"Safari yake yote ni kama sentimita kumi," akasema. "Wewe mwenyewe ukikaa, ishuke tatu hivi. Zako zimeshuka tano. Na bado hujabeba ndizi. Sasa ukibeba, utapanda na nini?"

"Si springi zimeisha, Mzee? Ninunue ngumu?"

"Hazijaisha. Zimekaa vibaya. Na usije ukaniambia nimezifanya ngumu, mimi sijazifanya ngumu. Springi ni ileile. Nimeiinua tu ianzie juu."

Ilinichukua miaka, na darasa moja la chuo, kuelewa kwamba yule mtu alikuwa amesema jambo sahihi kabisa ambalo watu wengi wenye gereji kubwa hawalijui. Kubana pete hakubadilishi ugumu wa springi. Kunabadilisha mahali inapoanzia. Pikipiki inasimama juu zaidi kwa nyuma, pua inashuka, tairi la mbele linarudishiwa haki yake. Kilo ileile, mlima uleule, lakini usukani unakusikia.

Halafu yako mengine yanayofuatana na hilo kama kondoo. Pete za pande zote mbili lazima ziwe kwenye ngazi moja, la sivyo uma wa nyuma unajipinda na pikipiki inatembea upande. Cheni haikazwi pikipiki ikiwa tupu, kwa sababu nyuma ikishuka na mzigo cheni inavutika zaidi. Ukiikaza ikiwa tupu hadi ikalia kama gitaa, itakatika katikati ya mlima. Taa ya mbele pia itakwambia ukweli usiku: ikimulika matawi ya miti badala ya barabara, nyuma imekaa chini, na dereva anayekuja anapofuka macho. Na mzigo, Mzee alisema, usivuke ekseli. Kilo ishirini mbele ya ekseli ni abiria, kilo ishirini nyuma ya ekseli ni mtu anayekuvuta shati.

Lakini dawa hiyo ina uchungu wake, na hapa ndipo wengi waliposhindwa. Ngazi inayokufaa ukipanda na vikungu vinne, haikufai ukiteremka mtupu. Nyuma iliyobanwa sana bila mzigo inarukaruka kama mbuzi. Ukishika breki kwenye mteremko uzito unakimbilia mbele, foki inazama, na gurudumu la nyuma linaelea. Kwa kweli unatakiwa kubadilisha ngazi mara mbili kwa kila safari: juu kabla ya kuteremka, chini baada ya kupakia. Dakika tatu kila mara kwa mtu mwenye spana. Safari nane kwa siku. Fanya hesabu. Dakika hizo ni safari moja nzima, na safari moja ndiyo faida ya siku baada ya mwenye pikipiki kuchukua mia tatu zake. Kwa hivyo vijana walichagua ngazi moja ya kati na kuomba Mungu pande zote mbili.

Nilikuwa na rafiki pale steji tuliyesoma naye darasa moja tangu la kwanza. Sitataja jina lake, mamake bado yuko. Alikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Mwaka 2014, mwezi wa nane hivi, shoki yake ya kulia ilianza kuvuja mafuta. Watu hudhani kazi yote ya shoki inafanywa na springi. Springi inabeba tu. Mafuta yaliyo ndani ndiyo yanayoituliza, yanayoizuia kurudi kwa hasira baada ya kubonyea. Yakiisha, kila jiwe unalopita linaendelea kukutikisa hadi jiwe lingine. Kwenye murramu tairi linaruka, na tairi lililo hewani halisukumi chochote.

Alimwambia mwenye pikipiki. Jozi mpya ilikuwa kama shilingi elfu tatu, yaani hesabu ya siku kumi. Jibu alilopewa tulilirudia steji kwa wiki nzima tukicheka: "Hiyo ni pikipiki ya kubeba ndizi, si ya kubeba waziri." Alimwambia tena mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mvua za vuli zikaanza. Akafanya alichoweza, akabana pete zote mbili hadi ngazi ya mwisho ili angalau nyuma isimame. Mzee alimwambia, "Umeibana springi ambayo haina wa kuituliza. Sasa itakurusha." Akajibu kwamba anajua, lakini karo ya mdogo wake haijui.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa kumi na moja, udongo mwekundu umelowa. Vikungu vinne, viwili vikiwa vimefungwa nyuma ya ekseli kwa sababu keria ilikuwa imeongezwa kwa kuchomelewa vyuma. Aliyekuwa nyuma yake anasema alikuwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Karibu na kona palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na maji. Nyuma ikaruka, ikatua, ikashika ghafla, pua ikainuka, na ndizi zikamalizia kazi. Pikipiki ilimwangukia kifuani. Alifariki kabla hatujafika hospitalini.

Kwenye mazishi wazee walisema maneno ya mazishi. Halafu mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika, akasimama akatuonya sisi vijana wa boda boda: tupunguze kasi, tunamaliza kizazi. Watu wakaitikia. Tulikuwa tumesimama pale nyuma, ishirini na wawili, koti za kuakisi mwanga mikononi, na hakuna aliyejibu. Ungejibuje kwenye mazishi? Lakini nimeibeba sentensi hiyo hadi leo. Kasi. Mtu alikufa akienda polepole kuliko bibi anayetoka kuchota maji. Kila ajali ya nduthi katika nchi hii ina maelezo yaliyokwisha tayari: kijana, haraka, ujinga, miraa. Maelezo hayo ni rahisi kwa sababu yanazikwa pamoja na marehemu. Shoki inayovuja haizikwi. Inaoshwa, pikipiki inanyooshwa, na mwezi unaofuata anapewa kijana mwingine.

Na alipewa. Mwenye pikipiki hakuwa shetani, nataka niseme hivyo. Alikuja mazishini, alitoa sukari na mchele, alilia. Naye alikuwa na mkopo wa pikipiki hiyo, na elfu tatu kwake hazikuwa mchezo. Mimi sikumchukia. Nilichoshindwa kukubali ni kwamba bei ilijulikana. Sisi sote tuliijua miezi mitatu mapema, tulikuwa tumeitaja kwa shilingi.

Steji ilikaa kikao jioni ya tatu. Kikao cha boda boda si cha utulivu, lakini kile kilikuwa. Mtu alipendekeza tuchange shilingi hamsini kila siku. Ishirini na wawili mara hamsini ni elfu moja na mia moja. Siku tatu, jozi ya shoki. Wengine walipinga: kwa nini tununulie pikipiki ya tajiri vipuri? Hoja hiyo ilikuwa na haki kabisa. Mzee, ambaye hakuwa mwanachama, alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu pembeni. Akasema, "Pikipiki ni yake. Kifua ni chako." Tukachanga.

Tukaweka na sheria tatu. Ya kwanza, keria ndefu zikatwe. Ya pili, kila Jumatatu asubuhi kila mtu apitishe kitambaa kwenye shoki zake, kitambaa kikitoka na mafuta nduthi hiyo haibebi ndizi hadi ipate nyingine. Ya tatu iliwaudhi wateja: kwenye milima miwili mibaya, mvua ikinyesha, abiria anashuka anatembea hadi juu. Nauli ni ileile.

Wateja walituzomea. Mama mmoja niliyemheshimu sana, muuza mboga, alishuka polepole na kikapu chake, akaniangalia hivi.

"Mwanangu, nimekulipa nipande pikipiki. Sasa ninapanda mlima."

"Ni kweli, mama. Leta kikapu nikubebee mimi."

"Kikapu kinapanda, mimi natembea. Haya. Dunia imegeuka."

Lakini alitembea. Na mara nyingine hakungoja kuambiwa. Tulipoteza wateja kadhaa kwa steji ya ng'ambo ambao hawakuwa na sheria hiyo. Siwezi kukwambia ni wangapi waliokoka kwa sababu hiyo, kwani mtu asiyeanguka hahesabiwi. Ninachojua ni kwamba katika miaka miwili niliyobaki pale, hatukuzika tena mtu wa steji yetu kutoka kwenye murramu.

Kuna jambo moja dogo la kuchekesha. Binamu yangu anafanya kazi Alberta, Kanada. Msimu mmoja wa baridi alinitumia video kwenye WhatsApp: watu wanapanda milima ya theluji kwa mashine, mbele ina vibao viwili vya kuteleza, nyuma ina mkanda mpana unaozunguka. Nikampelekea Mzee aone. Akaitazama mara nne, simu akiishika mbali na macho. Mashine moja ikainua vibao, ikapinduka kinyumenyume, aliyeipanda akaruka theluji ikammeza.

"Si ndizi hizo," Mzee akasema.

Nikatafuta zaidi usiku huo. Kumbe mashine zile zina ukanda ndani ya mfumo wake wa nyuma, na mtu anayetaka kupanda mlima mkali anaufupisha, ili nyuma isikae sana na vibao vya mbele vibaki vimeikanyaga theluji. Ukiufupisha kupita kiasi, mkanda wa nyuma unakosa uzito wa kuushindilia, na unazunguka bure. Watu wale wanabishana juu ya tundu moja la ukanda kama sisi tulivyobishana juu ya ngazi moja ya pete. Tofauti ni kwamba wao wanapanda Jumamosi kwa raha, halafu wanarudi nyumbani. Sisi kule juu tulikuwa na lori linalosubiri na bei inayoshuka kila dakika. Lakini mlima wenyewe hautofautishi. Unavuta uzito nyuma, theluji au murramu, raha au karo.

Leo ninafundisha fizikia kwenye shule ya kutwa, si mbali na Runyenjes. Tukifika kwenye kitovu cha uzito, kitabu kina picha ya basi la ghorofa lililoinamishwa. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kulipanda basi la ghorofa. Ninawaambia wafunge kitabu. Nusu ya wavulana, na wasichana kadhaa, wanaendesha nduthi za kaka zao wikendi, na wanayajua haya yote kwa viuno vyao. Hawajui tu kwamba yana jina. Ninachora mlima, ninachora tairi mbili, ninauliza: vikungu vinne niweke wapi? Darasa zima linapiga kelele.

Muhula uliopita mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono. Alitaka kujua, kama springi haifanywi ngumu kwa kubanwa, kwa nini pikipiki ya baba yake ikibanwa anasikia kila jiwe kiunoni. Swali zuri. Nilimwambia ni kwa sababu akiwa mtupu, uzito wake hautoshi kuishusha hadi pale inapoweza kucheza juu na chini. Inagonga juu. Akafikiri kidogo.

"Kwa hivyo, mwalimu, akibeba mzigo atasikia vizuri?"

"Akibeba mzigo atasikia vizuri."

"Na akirudi mtupu?"

"Airudishe chini ngazi mbili kabla ya kuteremka."

"Hana spana."

Jumamosi hiyo nilipitia kwa Mzee. Bado yupo, kibanda kimeongezwa bati moja. Nilimwomba anikunjie spana ya ndoano. Alinikunjia mbili, akakataa pesa ya moja.